Tupeane uzoefu: siku habari za usalama zilipozimwa, wewe ulijulia wapi?

FundiKibuye, Kisumu
Naanza mimi. Januari 30, 2018 nilikuwa kibandani karibu na soko la Kibuye. Watu wanasubiri Raila Odinga wa upinzani aapishwe "rais wa wananchi" Uhuru Park, Nairobi. Ghafla Citizen kimya, NTV kimya, KTN kimya. Kufikia saa nane nilikuwa nimeletewa ving'amuzi vitano, na mzee mmoja alileta runinga nzima kwa bodaboda, ameifunga kwa mpira wa tairi. "Fundi, hii imekufa." Nikaichomeka, KBC ya serikali ikaonekana safi kabisa. Nikamwambia, "Mzee, mashine ni nzima, mgonjwa yuko Nairobi." Hakuniamini. Alidhani nimeshindwa na kazi.

Kesho yake Matiang'i, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akasema vituo vitabaki vimefungwa hadi uchunguzi uishe. Mahakama Kuu ikaagiza vifunguliwe, na bado tukakaa siku kadhaa. Citizen ndiyo ilirudi mwisho. Wateja wawili niliwatoza shilingi 50 za kupima, Mungu anisamehe.

Sitaki siasa za nani alishinda. Nataka mseme mlisikia nini, kwa nani, na kama kilikuwa kweli.

Mama_Section58, Nakuru
Yangu ni ya nyuma zaidi. Disemba 30, 2007, Kibaki ametangazwa mshindi wa urais tu, Michuki aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani akapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. WhatsApp haikuwepo. Tulikuwa na BBC jioni, na tulikuwa na SMS.

SMS zilisema wanakuja usiku. Hazikusema ni nani, kila mtu alijaza mwenyewe. Tulilala na viatu karibu wiki tatu, vyeti vya watoto nimevifunga kiunoni kwa leso, na hakuna aliyekuja. Tukachoka, tukavua viatu. Wiki ya mwisho ya Januari walikuja kweli, na siku hiyo hakuna aliyetuma SMS. Nilijipata kambini Showground na watoto wawili na sufuria moja.

Kitu kingine ambacho sijawahi kukisema. Jirani yangu alikuwa akisikiliza redio ya lugha yao chumbani, sauti chini. Sikuelewa neno hata moja. Lakini nilipokwenda kuomba chumvi niliona uso wake, akanipa pakiti nzima na kufunga mlango. Tulikuwa tumekopeshana chumvi miaka minne.

Mstaafu_Lanet
Ndiyo maana wengine tunasema kuna wakati serikali ina haki ya kuzima mitambo. Maneno ya redio yanaua.

Mama_Section58
Mzee wangu, kwa heshima. Marufuku ilitolewa Disemba 30. Sisi tuliungua mwisho wa Januari. Ilituzuilia nini?

Cheptais_wangu
Huku Mlima Elgon hakukuwa na cha kuzima, gazeti lenyewe lilipanda na matatu kutoka Bungoma, likifika jioni. Machi 2008 jeshi likaanza Operesheni Okoa Maisha. Baba alifurahi, na sitamlaumu: SLDF, wanamgambo wa huku, walikuwa wanatoza watu kodi na kuwakata masikio. Kila gazeti lilisema majambazi wanasakwa, wamekamatwa wengi.

Hao wengi walikuwa ni pamoja na mjomba. Alibebwa pamoja na wanaume wote wa boma lake, wakapelekwa kambi ya jeshi ya Kapkota kuchunguzwa. Shangazi alikuwa akimuuliza baba, "Gazeti limesema nini leo?" naye anasoma hesabu tu, maana majina hayakuandikwa. Waandishi hawakuruhusiwa kupanda huko juu. Julai ripoti ya Human Rights Watch ikasema pande zote mbili, jeshi na SLDF, ziliua na kuwatowesha watu. Mjomba hajarudi. Hakuna palipoandikwa kwamba alikuwa jambazi, wala palipoandikwa kwamba hakuwa.

KalamuYaZiwa, Kisumu
Mimi nilikuwa upande wa pili, naandika habari na kulipwa kwa kila habari inayotoka. Agosti 2017, baada ya uchaguzi. Nilituma kwamba risasi zimelia Nyalenda na Kondele usiku kucha. Mhariri akauliza, "Polisi wanasemaje?" Niliwapigia mara saba, hawakushika simu. Ikatoka habari kwamba shughuli za kawaida zimerejea Kisumu, na jina langu juu yake. Wiki hiyohiyo mtoto wa miezi sita alipigwa ndani ya nyumba yao Nyalenda, akafariki. Mwaka 2019 mahakama hapa Kisumu ikasema makamanda wa polisi wana lawama.

Kuna kibanda cha samaki ambacho hadi leo nikiingia, mazungumzo yanakatika.

Mstaafu_Lanet
Nimesoma yote. Bado nasema huwezi kutangaza idadi ya waliokufa vitani kabla ya familia kujua, hiyo ni sheria ya ubinadamu. Lakini mbivu na mbichi niseme: El Adde, kambi ya jeshi letu Somalia iliyovamiwa na al-Shabaab Januari 15, 2016. Rais wa Somalia alisema kwenye runinga waliouawa ni 180 au 200. Kwetu ikakanushwa, na hesabu yetu haijatolewa mpaka leo. Shemeji yangu wa Kakamega alinipigia kila jioni kwa sababu mimi ndiye mtu wa jeshi katika familia. Nilimwambia avumilie, wakubwa watasema. Alimjua mwanawe kwa picha iliyozunguka kwenye simu, kwa saa ya mkononi. Mimi ndiye niliyemnunulia.

Usiniulize zaidi.

FundiKibuye
Pole sana mzee.

DerevaKondele
Jamani, sisi vijana. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza vituo viache kuonyesha maandamano mubashara, mahakama ikaisimamisha amri siku hiyohiyo. Mimi sikujua hata kama vilizimwa! Nilikuwa TikTok, nikaona mtu amelala barabarani, watu wakasema ni hapa Kondele. Nikakimbia na pikipiki. Kumbe video ni ya mji mwingine, tena ya mwaka uliotangulia.

FundiKibuye
Siku hiyo hakuna aliyeniletea king'amuzi hata kimoja. Na yule mzee wa 2018, kama uko hapa au una mjukuu hapa: hukurudi kuichukua runinga yako. Iko kwa rafu ya juu, nimeifunika gunia. Inafanya kazi.