Naomba ushauri: mapigano ya juu ya ukuta wa ngome yananishinda

Habari zenu wakuu. Nacheza Medieval II: Total War, lile gemu la kompyuta la mwaka 2006 la kuongoza majeshi ya enzi za kati, na nalipenda kweli. Kwenye uwanja wazi sina shida. Shida ni ukutani. Nikisogeza mnara wa kuzingira (ule wa magurudumu wa kupandishia askari ukutani) na ngazi, vikosi vyangu vya miguu vinafika juu vikiwa vimechoka na kupungua, halafu vinapokelewa na watu wa panga wenye deraya nzito. Nafasi kule ni finyu, wanaopigana ni wachache wa mbele, wengine wamerundikana tu nyuma yao. Wenye mikuki mirefu nimeacha kuwapandisha, nawaweka chini wasubiri lango lifunguke. Wanaonibeba ni wale makabaila wanaopigana bila farasi, ila kuwapoteza kunauma.

Sasa nisaidieni: nipande sehemu mbili zilizo mbali ili adui agawanyike, au nguvu yote iende karibu na lango nilikamate mapema? Na wapiga mishale waendelee kumfyatulia adui hata wenzao wakishafika juu, au niwasimamishe? Mliowahi kulinda ukuta mkiwa wachache, nanyi semeni mlijipangaje.