Kamera niliyoificha nje inajaa ukungu ingawa nimeziba kila tundu

Mzee wa Kibaraza
Wakuu, habari zenu. Ile kamera yangu ya kwanza ilikuwa inaonekana wazi, ikang'olewa. Picha ya mwisho iliyonipa ni kiganja cha mtu. Safari hii nimeamua kuificha. Nimechukua kamera ndogo ya ndani, nikaitia kwenye kijikasha cha plastiki chenye dirisha la kioo, kijikasha nikakiweka ndani ya kibanda cha ndege cha mbao chini ya upenu, kinatazama geti. Kila mwanya nimeupaka silikoni, hadi pale waya unapoingilia.

Mvua imenyesha mara mbili, tone halikupita. Lakini alfajiri kioo kinajaa ukungu kwa ndani, saa nne asubuhi unatoweka, kesho yake umerudi. Halafu usiku picha ni nyeupe tupu, kama nimeanika shuka mbele ya lenzi. Niongeze silikoni wapi?

Fundi Bisibisi
Usiongeze mkuu, punguza. Mvua haina kosa hapo.

Ulipofunga kijikasha ulifungia na hewa, na hewa ina mvuke. Usiku kioo kinapoa, mvuke unageuka maji juu yake, sawa na glasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Tena usijidanganye kwamba umeziba. Mchana kasha likipata joto, hewa inatanuka na kujipenyeza nje. Likipoa linavuta nyingine yenye unyevu, mara nyingi kwa kufuata waya. Litapumua upende usipende. Wewe chagua tu pua iwe wapi.

Toboa tundu la milimita tatu hivi chini kabisa ya kasha, ubandike kipande cha wavu laini, maana sisimizi wanapenda sana joto la kamera. Mimi niliwahi kuziba la kwangu kama mtungi wa gesi. Nilipolifungua baada ya miezi kadhaa nilikuta maji ya kujaza kijiko yametuama chini na kamera imeota kutu ya kijani kwenye soketi ya umeme. Yaliingia kidogo kidogo, yakakosa pa kutokea.

Waya uingie kwa chini, na kabla haujaingia uuache uning'inie ufanye tumbo, ili maji yanayoufuata yadondokee hapo. Na hiyo silikoni, ilinuka siki ulipokuwa unaipaka? Kama ndiyo, ibandue. Aina hiyo hutoa asidi wakati inakauka, na asidi hula shaba. Tafuta isiyo na harufu ya siki, iache ikauke siku nzima kasha likiwa wazi.

Mzee wa Kibaraza
Ilinuka siki, tena nyumba nzima! Je, vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu? Na kwa nini nisinunue tu kamera ya IP67, zile zisizoingia maji, nikalala?

Fundi Bisibisi
Silika ni ya kasha lililofungwa kweli kweli. Ukishatoboa tundu itakuwa inajaribu kukausha dunia nzima.

IP67: hiyo 6 ni vumbi haliingii, 7 ni kuzamishwa kwenye maji kina cha mita 1 kwa dakika 30. Chini ya upenu hakuna anayekuzamisha, hata IP65 inakutosha. Ila namba hizo zinapima maji ya nje. Ukiichukua kamera ya IP67 ukaitia kwenye kijikasha chako, kioo cha kijikasha kitajaa ukungu vile vile.

Macho ya Popo
Huo weupe wa usiku ni jambo lingine. Mwanga wa taa za infraredi za kamera, zile zinazoisaidia kuona gizani, unagonga kioo cha kasha na kurudi kwenye lenzi. Kata pete ya sponji nyeusi, izunguke lenzi na taa zibaki nje ya pete, kisha sukuma kamera hadi sponji iguse kioo pasibaki mwanya. Ikishindikana, zima infraredi uwashe taa ya nje.

Mama Maua
Baba, hakikisha geti ndilo unalolitazama, si dirisha la jirani. Na sauti izime. Kamera iliyofichwa ikigunduliwa na jirani, hakuna atakayekusikiliza ukisema ulikuwa unawinda mwizi.

Mzee wa Kibaraza
Mrejesho, wiki ya pili. Nimetoboa, nimebadilisha silikoni, nimeweka sponji, sauti nimezima. Dirisha la jirani lilikuwa linaonekana kwenye kona, nimegeuza kibanda kidogo. Ukungu hamna, na usiku sasa naona hadi komeo la geti.

Ila jana simu imeniamsha saa nane usiku. Nimekurupuka, nikafungua picha: mguu wa buibui, mkubwa kuliko geti lenyewe. Ametanda utando mbele ya kioo. Fundi, huyo naye tunamziba na nini?