Je, hospitali za Dodoma zianze kupima jeraha la mapafu kwa damu?

Aliyefungua mjadala huu anapendekeza kwamba hospitali za rufaa za Dodoma zimpime kila mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yaliyovuruga mwili mzima hadi viungo kushindwa kufanya kazi) viashiria vya damu, ili abainike mapema yule ambaye mapafu yake yameanza kuumia. Naelewa sababu yake. Fasili ya Berlin ya mwaka 2012, inayoeleza nani ahesabiwe kuwa na jeraha kali la mapafu (ARDS), hutegemea kipimo cha gesi katika damu ya ateri, tena hutaka hesabu irekebishwe mahali palipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kama hapa kwetu. Hata hivyo, nadhani anakiombea kipimo cha viashiria kazi isiyokifaa.

Kiashiria kimoja, protini iitwayo sRAGE, hutoka katika seli za vifuko vya hewa, kwa hiyo kinapopanda ni dalili kwamba mapafu yenyewe yameguswa. Kingine, protini ya anjiopoetini-2, hutoka katika utando wa ndani wa mishipa ya damu, nayo hupanda pia kwa wagonjwa wa sepsisi wasio na jeraha la mapafu, na hata katika malaria kali. Mgonjwa aliyeletwa na homa kutoka Bahi msimu wa mvua hatafafanuliwa na namba hiyo peke yake. Kwa utambuzi, marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 ya fasili hiyo ya Berlin hukubali oksimita ya kidoleni (kifaa cha kupima oksijeni ya damu) na ultrasaundi ya mapafu, vifaa ambavyo muuguzi hutumia kando ya kitanda.

Mimi ni muuguzi, na shaka yangu kubwa iko kwenye dripu. Katika jaribio la Lusaka lililochapishwa mwaka 2017, watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU, walipewa mapema maji ya mishipani, dawa za kupandisha presha na damu kwa utaratibu maalumu. Walifariki asilimia 48, ilhali kwa waliopata huduma ya kawaida walifariki asilimia 33. Nimewahi kufungua dripu nikiamini namwokoa mgonjwa, kisha nikamwona akizidi kuhema. Kipimo cha kuniambia mapema kwamba mishipa inavuja na maji ya dripu yanaweza kuingia mapafuni ningekipokea kwa mikono miwili, lakini vipimo vya kawaida vya viashiria hivi huchukua saa kadhaa maabara. Mleta hoja atueleze: majibu yatamfikia muuguzi kabla ya chupa ya pili kutundikwa, au baada yake?