Orfeo wa Gluck: alto anaweza kuimba nafasi ya mume?

AltoWaMwaloni

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi naimba alto kwenye kwaya ya parokia hapa Kirumba, mchana nauza dagaa Mwaloni. Mwalimu wetu ametuletea kazi ambayo sijawahi kuiona kwaya yoyote ya Mwanza ikiigusa: Orfeo ed Euridice, opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya mtunzi Gluck. Hatuimbi yote. Tunachukua pale Orfeo anapofika kwenye lango la kuzimu kumfuata mkewe aliyefariki, walinzi wa kuzimu wanamkatalia, yeye anawabembeleza kwa wimbo mpaka wanalainika. Halafu tunaruka hadi ule wimbo wa "Che farò senza Euridice", baada ya kumpoteza mkewe mara ya pili. Ni tamasha la ukumbini, si la misa.

Ubishi umezuka kwenye mambo mawili. La kwanza, kaka zetu wa teno wanasema Orfeo ni mume wa mtu, kwa hiyo aimbe mwanaume. Mwalimu ananitaka mimi. La pili, mwenyekiti wa kwaya anasema "Che farò" iko kwenye meja, ngazi ya sauti za furaha, inasikika kama wimbo wa harusi, hivyo tuiburute taratibu sana ili watu wajue ni msiba. Mimi nimeisikiliza kwenye simu usiku baada ya usiku na moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kusimama nayo mbele ya kamati. Anayeijua kazi hii anisaidie, mazoezi ni Alhamisi.

BesiWaUkerewe

Dada, hao kaka zako wana msingi. Kuna toleo la Kifaransa la mwaka 1774, Gluck mwenyewe alilitengeneza kwa ajili ya Paris, na Orfeo ni teno. Nimelisikia, ni zuri mno. Kama teno wenu wanaweza, wapeni.

MwalimuMstaafu_Igoma

Mwangaluka. Nimefundisha kwaya miaka mingi kabla ya kustaafu, na hii ni kazi ninayoipenda kuliko zote za jukwaani, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Besi amesema kweli kuhusu Paris, lakini Paris ilikuja baadaye. Kazi hii ilionyeshwa mara ya kwanza Vienna tarehe 5 Oktoba 1762, maneno ya Kiitaliano yakiwa ya Ranieri de' Calzabigi, na Orfeo wa siku ile alikuwa Gaetano Guadagni. Sauti yake ilikuwa alto. Alikuwa mmoja wa wale wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti isivunjike, ukatili ambao Ulaya iliufumbia macho kwa sababu ya muziki. Huyu Guadagni kwaya zetu zinamgusa bila kujua. Wote hapa tumeimba "Haleluya" ya Handel. Basi katika kazi ileile, Messiah, mwaka 1750 Handel aliandika upya solo moja kwa ajili ya koo la kijana huyu alipokuwa London. Na hukohuko London alijifunza uigizaji kwa David Garrick, mwigizaji mkubwa wa wakati ule. Gluck alipomtafuta Orfeo alitaka mtu wa namna hiyo, anayesimama jukwaani akaaminika, si mtu wa kurusha madoido ya koo.

Kwa hiyo nafasi hii ilizaliwa kwenye sauti ya dada yetu. Paris hawakuwapenda waimbaji waliohasiwa, ndiyo maana Gluck akaipandisha kwa ajili ya Joseph Legros, teno wa juu kabisa. "Che farò", ambayo Vienna doh yake ni C, pale Paris ikawa F. Teno wa kwaya zetu waliozoea kuishia kwenye mi ya juu wataumia. Halafu mwaka 1859, Paris hiyohiyo, mtunzi Berlioz aliiandaa upya kwa ajili ya mwanamke, Pauline Viardot, na tangu hapo wanawake wa sauti nzito wameiimba bila mtu kuuliza mume yuko wapi. Kathleen Ferrier wa Uingereza aliimba Orfeo akiwa mgonjwa sana wa saratani, Covent Garden, Februari 1953. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yake ya mwisho. Ipeleke hoja hiyo kwenye kamati, na uipeleke kwa heshima, maana kaka zako hawana ubaya.

Sasa hili la kuiburuta. Hapo nasema hapana kwa nguvu zangu zote. Gluck mwenyewe aliliona mapema. Kwenye dibaji ya kazi yake nyingine, Paride ed Elena, iliyochapishwa 1770, aliandika kwamba ukibadili kidogo tu namna ya kuusemesha wimbo huu wa "Che farò", unageuka kuwa ngoma ya vikaragosi. Alijua amesimama ukingoni: meja, melodia nyepesi kama ya mtoto, na mtu aliyevunjika. Usiufanye mwepesi ukawa ngoma, na usiuburute ukalala. Nendeni kwa mwendo wa mtu anayeongea.

Na mbona meja? Kaeni kwenye msiba wowote hapa kwetu muangalie. Wanaolia kwa sauti kubwa langoni mara nyingi ni wageni waliofika sasa hivi. Mjane mwenyewe utamkuta ndani amekaa kitako, anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani atampeleka mtoto shule Jumatatu. Orfeo anauliza hivyohivyo: nitafanya nini bila Euridice, nitakwenda wapi. Gluck alikuwa na maina, ngazi ya huzuni, akitaka. Kwaya ya kwanza kabisa, pale kaburini, iko C maina, na juu ya kwaya hiyo Orfeo hana wimbo bado. Analiita tu jina la mkewe, mara tatu. Inasimuliwa kwamba Gluck alimwambia Legros aliite kana kwamba mtu anamkata mfupa kwa msumeno. Kilio chote kiliishia hapo. Anapofika "Che farò" ameshalia.

Angalieni pia umbo lake. Kiitikio kinarudi mara tatu, na katikati kuna vipande viwili ambamo mwendo unakatika na anamwita: Euridice, nijibu. Hapo ndipo mnaweza kusimama, kuvuta pumzi, kuacha ukumbi unyamaze. Kiitikio kikirudi, kirudi kwenye mwendo wake uleule.

MamaWaNyakato

Shikamoo mwalimu. Mimi nina wasiwasi mwingine. Kwaya ya kanisa kuimba habari za miungu ya Wagiriki na kuzimu, waumini hawatakwazika? Na kisa chenyewe ninavyokijua, anageuka kumtazama mkewe na kumpoteza kabisa. Tumwache mtu ukumbini na huzuni hiyo?

MwalimuMstaafu_Igoma

Marahaba mama. Kwa kuwa ni ukumbini, sioni kikwazo, mradi mtangazaji akisimulie kisa kabla ya kuimba. Watu wetu wanapenda kusimuliwa. Aseme hivi: Orfeo ameruhusiwa kumchukua mkewe kwa sharti asimtazame njiani, wala asimwambie sababu. Hilo la pili ndilo linaloua. Euridice anatembea nyuma ya mume asiyemtazama, anadhani hapendwi tena, anasema bora angebaki kulekule kwa wafu. Orfeo anashindwa kuvumilia kumwona anateseka, anageuka. Mwanamke yeyote aliyewahi kunyamaziwa na mumewe ataelewa bila kujua Kigiriki.

Kuhusu mwisho, kwa washairi wa zamani kama Virgil na Ovid, Euridice harudi tena. Gluck hakumaliza hivyo. Baada ya "Che farò", Orfeo anataka kujiua, Amore, yaani Upendo, anamzuia na kumfufua mke. Onyesho la Vienna lilikuwa la sherehe ya siku ya jina la mfalme Francis, na sherehe ya mfalme haimalizwi kwa maiti. Wengi wanaulaumu mwisho huo. Mimi siulaumu, lakini ninyi mnaishia kwenye "Che farò", basi mtangazaji amalizie kwa kusema Upendo alikuja.

BesiWaUkerewe

Nimekubali, alto aimbe. Ila mwalimu, sisi besi tunafanya nini kwenye lile lango?

MwalimuMstaafu_Igoma

Ninyi ndio lango lenyewe! Kazi nzima ina waimbaji watatu tu wa solo, Orfeo, Euridice na Amore. Mengine yote ni kwaya, ndiyo maana inatufaa. Orfeo anabembeleza kwa kinubi, kwaya inamkata: "No!" Anaendelea, "No!" tena. Wengi hupiga kelele tangu ya kwanza, wakifika ya mwisho hawana pa kwenda. Kila mnapomjibu, punguzeni ukali kidogo, hadi msikilizaji ajue kwamba walinzi wanaanza kushindwa na wimbo. Kinubi hamna, tumieni sauti ya kinubi kwenye kinanda, mpigaji azivunje kodi (noti zinazopigwa pamoja) noti moja moja, asizibamize.

AltoWaMwaloni

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nimeyanakili yote kwenye daftari la kwaya. Swali la mwisho: nota za Vienna tutazipata wapi bila gharama, na Kiitaliano tukibaki nacho au tutafsiri?

MwalimuMstaafu_Igoma

Gluck alifariki 1787, nota zake za zamani hazina hakimiliki, zinapakuliwa bure kwenye maktaba za nota za intaneti. Hakikisha juu pameandikwa 1762 na Orfeo yuko kwenye alto. Solo imbeni Kiitaliano. Kwaya ya lango tafsirini, ukumbi uelewe anachokatazwa, ila "No" iacheni ilivyo, kila mtu anaijua. Mkimaliza kuihamishia kwenye sol-fa nitumie picha niikague kabla ya Alhamisi.