Siku ya kwanza kwenye kanisa geni walikupokeaje? Tupeane uzoefu

Mgeni Benchi la Nyuma
Wakuu kwema? Jana nimesali kanisa la huu mtaa niliohamia, mara mzee wa kanisa kashika maiki, "wageni wetu tunaomba msimame tuwatambue". Tukasimama watatu. Jina, unakotoka, unakosali, mbele ya kanisa zima, sauti ikanigomea nikasahau hata jina la usharika wangu. Makofi ya kilo. Kutoka nje mama mmoja kanishika mkono mpaka getini anauliza nimepanga kwa nani. Haya leteni zenu.

kandambili
Kwa ajili ya hicho kipengele mie kanisa geni naingia mahubiri yameanza. Makusudi.

Mwalimu wa Zamu
2011 ajira mpya, nimepangwa kijijini, mwezi wa pili huo sijaona mshahara, mfukoni nina elfu nane ya kufika nayo sijui lini. Nikaenda KKKT ya pale. Sasa kwa Walutheri wa vijijini ibada haijaisha mpaka mnada uishe, asiye na hela analeta mahindi, mayai, mkungu wa ndizi, vinanadiwa pale nje hela inaingia sadakani. Tumetoka tunaimba, tumepeana mikono tumefanya duara, akaletwa jogoo mwekundu miguu imefungwa kipande cha kanga. Elfu tano, sita, tisa... nzi akanitua shavuni nikampunga. "ELFU KUMI KWA MGENI WETU!" Vigelegele hivyo. Nikaganda, ningesemaje mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu? Mzee mmoja simjui hanijui akaja kama ananipongeza, kunishika mkono naona karatasi kiganjani, elfu tano imekunjwa mara nne. Hakuwahi kuidai mpaka tunamzika. Mimi ndo nilibeba msalaba siku hiyo.

Alto Mstaafu
Hapo kwenye nzi nimecheka mpaka mjukuu kaamka 😂

Rozari Mfukoni
Ndo maana napenda kwetu Katoliki. Unaingia, unasali, wakati wa kutakiana amani unampa jirani mkono, unaenda zako. Kumsimamisha mtu kama mtuhumiwa ya nini?

Mwalimu wa Zamu
Na ndo maana mnakaa benchi moja miaka kumi hamjuani majina.

Rozari Mfukoni
Tunajuana jumuiyani wewe! Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki Afrika Mashariki, walishalikalia hilo tangu 1976, kanisa liishi kwenye jumuiya ndogondogo, nyumbani kwa watu. Sisi tunasali Jumamosi alfajiri kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Nilipolazwa, siku tisa mfululizo chupa ya uji inaingia wodini na kila siku mletaji mwingine. Kuna aliyekuja hata jina simjui, kanisuka nywele kaondoka.

kandambili
Malizia na ile nyingine, usipohudhuria jumuiya ukifiwa utajizika mwenyewe.

Rozari Mfukoni
Wewe ulipe kwanza michango yako ndo uje tuongee.

Mama Wawili
Nimesoma hapo kwa wageni kusimama nimejikuta natetemeka, ngoja niandike tu. Mume alihamishwa kikazi mkoa mwingine, mwanzoni anarudi kila mwisho wa mwezi, baadae ikawa nauli, ikawa kazi nyingi, simu ikawa inapokelewa usiku tu. Nikamfuata kimya kimya nikafikia kwa shoga yangu. Jumapili shoga akasema twende kwanza kanisani ndo umtafute. Nikasimama kama mgeni, nikajitambulisha naitwa mama fulani, mke wa fulani, na ukoo nikautaja, makofi, karibu sana. Mama wa pembeni akaona sina kitabu cha nyimbo akanipa chake. Yakaja matangazo. Zamu za usafi, mchango wa choo, halafu ndoa, tangazo la mara ya pili. Jina la kwanza nikasema yanafanana. La kati. La ukoo. Na kijiji alikozaliwa. Benchi za mbele zikaanza kunigeukia moja moja, maana si nimetoka kulitaja jina lile lile muda si mrefu? Sikupiga kelele. Nilifungua kile kitabu nikawa nasoma namba za nyimbo tu, moja, mbili, tatu. Yule mama hakuuliza kitu, kanishika kiuno kanitoa kwa mlango wa pembeni mpaka chumba cha kwaya, majoho yametundikwa, akanipa maji kwenye kikombe cha watoto wa Sande skuli. Akasema "lia mwanangu, ukimaliza twende kwa mchungaji, na cheti kama kipo agiza kije".

kandambili
WE! Na bi harusi alikuwepo??

Alto Mstaafu
Pole mwanangu. Cheti kilikuja?

Mgeni Benchi la Nyuma
Jamani uzi unahusu mapokezi

Mwalimu wa Zamu
Nyamaza wewe, mapokezi gani zaidi ya haya?

Mama Wawili
Alikuwepo, anaimba sauti ya pili, naye maskini hakujua. Jioni alikuja mwenyewe kwa shoga tukalia wote. Cheti kililetwa na basi Jumanne, tangazo la tatu halikusomwa. Mengine ni marefu. Yule mama mpaka leo namwita mama.

kandambili
Funzo, ukiwa mgeni taja ukoo mzima.

Rozari Mfukoni
Au usitaje kabisa ufe na amani yako.

Sombe na Baridi
Mimi niko Ohio, kanisa letu la Kiswahili limejaa Wakongo na Warundi. Nilifika Januari na kijaketi cha Dar. Baada ya ibada wakanipakulia fufu na sombe, nikiwa nakula mama mmoja ananipima mabega kwa viganja. Jumapili iliyofuata ana koti, limenikaa utadhani la fundi.

Mgeni Benchi la Nyuma
Yule mama wa getini kanipigia sasa hivi, namba sijui kaitoa wapi, anasema Jumatano mazoezi ya kwaya. Mie hata kuimba sijui.

kandambili
Umeshasajiliwa wewe. Hama mtaa.

Alto Mstaafu
Usimsikilize huyo. Nenda na maji ya kunywa, Jumatano huwa wanachelewa kutoka.