Naombeni ushauri: seli za mwenye kisukari zinaziba pengo sawa na za asiye nacho

Kisahani: Habari zenu wakuu. Nafanya utafiti wa shahada ya pili kwa faibroblasti za ngozi (seli zinazojenga tishu na kusaidia kuziba vidonda), za mtu mmoja mwenye kisukari aina ya pili na mmoja asiye nacho. Nazikuza mpaka zijae kisahani, nakwangua mstari katikati kwa ncha ya pipeti ili libaki pengo lisilo na seli, kisha napiga picha kila baada ya saa sita. Nilitegemea za mgonjwa zichelewe, maana vidonda vya kisukari tunavijua. Nimerudia mara tatu, zote zinaziba sawa. Nimekosea wapi? Usingizi sipati.

Mkulima wa Seli: Pole mkuu. Maji ya kukuzia yana glukosi kiasi gani?

Kisahani: Milimoli 25 kwa lita, zote. Ndio utaratibu niliokuta maabara.

Mkulima wa Seli: Basi hata zile za asiye na kisukari umeziweka kwenye kisukari! Damu ya kawaida kabla ya kula ina kama 5. Hamia 5.5, zipe siku kadhaa zizoee. Ukitaka kundi la sukari nyingi, weka na jingine lenye 5.5 ya glukosi pamoja na 19.5 ya manitoli (ambayo seli haziitumii kama chakula), ujue kama kinachozidhuru ni sukari yenyewe au ni wingi tu wa vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. Punguza na seramu (majimaji ya damu yanayochochea seli kukua), la sivyo pengo litazibwa na seli zinazozaliana wakati wewe unapima zinazotembea.

Mama Pipeti: Sukari ni nusu ya tatizo. Kurudia mara tatu kwa mtu yuleyule kunakupa habari za mtu huyo, si za kisukari. Tafuta watoaji zaidi kila upande. Wana umri gani? Ngozi ilitoka wapi mwilini? Faibroblasti ya mguuni si sawa na ya tumboni, hata ikikaa kisahanini muda mrefu. Na umezihamishia visahani vipya mara ngapi? Mwanabiolojia Hayflick alishaonyesha mwaka 1961 kwamba seli za kawaida zina ukomo wa kugawanyika. Zikikaribia huko zinapanuka, zinalegea.

Msomaji tu: Mimi si mtafiti. Nina kisukari, niliwahi kutoa kipande cha ngozi cha milimita 4 pajani. Kidonda kilichukua wiki nyingi kupona, na nilikubali kwa kuwa nilielezwa kitatumika kwa nini. Tafadhali hakikisha matumizi yako yamo kwenye ridhaa aliyotia saini huyo mtu. Seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani huko Marekani, zilichukuliwa mwaka 1951 bila yeye kuulizwa. Na matokeo haya ya majaribio yako usiyatupe, hata kama hayakupendezi.

Kisahani: Ahsante sana dada, ridhaa nimeisoma tena, utafiti wa vidonda umo. Nimefungua na daftari la seli. Mwenye kisukari ana miaka 41, asiye nacho 68. Za mgonjwa zimehamishwa mara 4, za mwenzake mara 11. Naagiza maji ya 5.5 leo, na msimamizi nitamwambia kesho asubuhi.