Kasri la Maruhubi, Unguja: je, linafaa kwa mgeni mzee?

Swali: Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mwezi ujao nitakuwa Unguja pamoja na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, naye ametamani sana kuliona Kasri la Maruhubi na bustani yake. Je, kimebaki kitu cha kutazama?

Jibu la 1: Wa alaykumu salaam. Kasri lenyewe, ambalo Sultani Barghash alilijenga miaka ya 1880 kwa ajili ya masuria wake, liliungua mwaka 1899, kwa hiyo msitarajie vyumba wala samani. Zimebaki nguzo nene za mawe zilizokuwa zikibeba roshani ya juu, ambazo leo hazibebi chochote isipokuwa mbingu, pamoja na hamamu (mabafu ya kuogea), madimbwi ya mayungiyungi na miembe mikongwe. Ardhi ni tambarare, na daladala za Bububu hupita barabarani hapo. Mchukulieni mama kigoda, akae chini ya mwembe.

Jibu la 2: Mkipata nafasi, pitieni pia Mtoni, kasri la Sultani Seyyid Said alikozaliwa bintiye, Binti Salme, mwaka 1844. Kwa maoni yangu, hata hivyo, hamamu za Kidichi, zilizojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Seyyid Said aliyekuwa Mwajemi, zinashinda zote kwa nakshi zake za chokaa. Ziko mlimani, hivyo kodini gari.

Muulizaji: Ahsanteni. Kigoda nitakibeba mwenyewe.